Chura wa Kihansi, bongo wa Florida na kazi mpya ya bustani za wanyama

Kila inapotoka habari ya mnyama "aliyerudishwa nyumbani", mjadala huwa uleule. Februari 2025 bongo 17 wa milimani, swala wakubwa wa msituni wenye milia, walipotua Nairobi kutoka Florida, wengi waliuliza: mnyama wa milima ya Aberdare, Kenya, alifikaje Marekani, na kwa nini arudishwe kwa shangwe kana kwamba tumepewa zawadi? Watanzania nao wana swali lao la miaka mingi kuhusu vyura wa Kihansi. Walipelekwa Marekani kufanya nini? Waliuzwa? Wapo wanaoamini kwamba bustani za wanyama za Ulaya na Marekani ni jela za kuwaonyesha watoto tembo, basi. Wapo pia wanaoamini kwamba bila bustani hizo wanyama wa dunia wangekuwa wamekwisha. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na kipande hicho ni kidogo kuliko unavyodhani.

Tuanze kwa kutenganisha mambo yanayochanganywa. Bustani ya wanyama, ambayo wengi huiita zuu, ni mahali ambapo wanyamapori hufugwa ndani ya uzio, hulishwa na watu, hutibiwa na daktari wa mifugo, na wageni hulipa kiingilio kuja kuwaona. Hifadhi ya taifa kama Serengeti au Tsavo si zuu. Humo mnyama hujitafutia malisho, huliwa na simba, hufa kwa ukame, na hakuna anayempelekea majani asubuhi. Kituo cha yatima, kama kile cha Nairobi, hupokea watoto wa wanyama waliopoteza mama na wanyama waliojeruhiwa. Baadhi yao hurudi porini, na wengine hubaki hapo maisha yao yote. Halafu kuna vituo vya uzalishaji, ambavyo kazi yake ni kuzalisha jamii fulani ya mnyama adimu. Bongo wa Februari 2025 walitoka kwenye kituo cha namna hiyo.

Mipaka hiyo hubadilika. Kisiwa cha Saanane, pale Mwanza, kilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Kituo cha Entebbe kilianza mwaka 1952 kupokea wanyama yatima na walionaswa kutoka kwa majangili, kikawa zuu ya kawaida, na kuanzia miaka ya 1990 kikageuzwa kuwa kituo cha elimu ya uhifadhi.

Zamani hapakuwa na mkanganyiko wowote kuhusu kazi ya zuu. Ilikuwa maonyesho. Bustani ya London ilifunguliwa mwaka 1828 kwa wanachama wa chama cha wanasayansi peke yao, na umma ukaruhusiwa kuingia mwaka 1847. Wanyama walikaa kwenye vizimba vya nondo, na aliyekufa aliletewa mbadala kutoka Afrika au Asia. Kumkamata mtoto mmoja wa tembo au kifaru mara nyingi kulimaanisha kumuua mama yake kwanza. Ubaya wa biashara ile haukuishia kwa wanyama. Septemba 1906 Bronx Zoo ya New York ilimweka Ota Benga, kijana Mmbuti kutoka Kongo, kwenye nyumba ya nyani ili watu waje kumtazama. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi hadharani mwaka 2020. Mwafrika anayeitilia shaka zuu ya Ulaya au Marekani ana sababu zake, na hazipaswi kupuuzwa.

Hata hivyo, mwaka mmoja tu baada ya aibu hiyo, mwaka 1907, bustani ileile ilipeleka nyati 15 wa Kimarekani kwenye hifadhi ya Wichita, Oklahoma, kuanzisha kundi jipya mahali ambapo nyati walikuwa wamemalizwa kwa risasi. Ni kati ya mara za kwanza kwa zuu kupeleka wanyama porini badala ya kuwatoa. Ilichukua miaka mingi wazo hilo kuwa sera. Mwaka 1975 mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini ulipoanza kufanya kazi, kuagiza wanyama adimu kutoka porini kukawa kugumu. Bustani zikalazimika kuzalisha zenyewe walio ndani.

Mbegu za darini

Mkulima anayening'iniza mahindi ya mbegu darini, juu ya moshi wa jiko, hayaweki pale ili ayatazame. Anajua mvua inaweza kukosa au wadudu wakamaliza shamba. Mbegu hizo zitamfaa kwa masharti matatu: zisiharibike darini, zisiwe zote za gunzi moja, na siku ya kupanda liwepo shamba. Bustani ya kisasa inayofanya kazi ya uhifadhi imebeba masharti hayohayo, na kila moja lina shida zake.

Sharti la gunzi moja ndilo wageni wa zuu wasiloliona. Wanyama wachache wakizaana wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, baada ya vizazi vichache huanza kuzaa watoto dhaifu na uwezo wao wa kuzaa hushuka. Ndiyo maana kila jamii adimu ina daftari la nasaba. Kila mnyama ana namba yake, na humo huandikwa wazazi wake, tarehe yake ya kuzaliwa, bustani alikokaa na watoto aliozaa. Mratibu mmoja hulisoma daftari zima na kuelekeza: dume huyu ahamie bustani ile, jike yule asizae mwaka huu. Lengo linalotumika sana ni kuhifadhi asilimia 90 ya tofauti za kijenetiki za kundi la mwanzo kwa miaka 100.

Hapo ndipo yanapozuka mambo yanayowachefua watu. Tarehe 9 Februari 2014 bustani ya Copenhagen, Denmark, ilimuua twiga dume aliyeitwa Marius, mzima wa afya na bado mdogo, nyama yake wakapewa simba. Sababu waliyoitoa ni kwamba damu ya ukoo wake ilikuwa tayari imejaa kwenye kundi la Ulaya, na nafasi yake ilihitajika. Bustani nyingi za Marekani huepuka njia hiyo kwa kuwapa majike dawa za kuzuia mimba, lakini jike anayezuiwa kwa miaka mingi anaweza kushindwa kabisa kushika mimba siku atakapotakiwa kuzaa. Nafasi ni finyu na wanyama huzaliana. Uamuzi mgumu hauepukiki. Ninachoamini ni kwamba umma una haki ya kuambiwa hili waziwazi, mlangoni, kabla ya kununua tiketi ya kumwona mtoto wa twiga.

Kihansi, hatua kwa hatua

Chura wa Kihansi hafiki sentimita 3 hata akikua. Ana rangi ya manjano, na tofauti na vyura wengi, jike hatagi mayai majini. Huzaa watoto ambao tayari ni vyura kamili, kila mmoja wa milimita 5 hivi. Dunia yake yote ilikuwa eneo la takribani hekta 2 pembeni mwa maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, ambako manyunyu hayakatiki usiku na mchana. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa tayari unaendelea. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi, takribani asilimia 90 ya maji ya maporomoko yaliingizwa kwenye handaki la mitambo. Manyunyu yakafifia na bonde likaanza kukauka.

Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walikamatwa wakapelekwa Bronx Zoo. Hawakuuzwa, walibaki mali ya Tanzania. Wakati huohuo, bondeni kulijengwa mfumo wa mabomba yanayonyunyiza maji kwa nguvu ya mteremko, ili kuiga manyunyu ya asili. Hivyo jibu kwa wanaouliza kwa nini hawakuhudumiwa hapahapa ni kwamba walihudumiwa. Na kwa muda ilionekana imefanikiwa: kufikia katikati ya 2003 vyura porini walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wameporomoka, na mwanzoni mwa 2004 waliosikika na kuonekana walihesabika kwa vidole. Kwenye mizoga ya vyura ilikutwa kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura, ambayo imeangamiza jamii nyingi za vyura duniani. Chura hupitisha maji na chumvi za mwili kupitia ngozi; ngozi ikiharibika, moyo husimama. Ilitajwa pia sababu nyingine, tope lililosombwa kutoka bwawani. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Kama si wale waliokuwa New York, hadithi ingeishia hapo. Lakini hata huko walikaribia kwisha. Waligawanywa kwenye bustani kadhaa za Marekani, wakafa kwa minyoo ya mapafu, kwa magonjwa ya tumbo, kwa upungufu wa vitamini A. Kufikia Desemba 2004 walikuwa wamebaki Bronx na Toledo tu, chini ya 70 kwa jumla. Hakuna aliyekuwa amewahi kumfuga chura huyu, na wafugaji walijifunza kila kitu kwa gharama ya maisha ya vyura.

Kilichowaokoa ni mambo madogo yaliyorekebishwa moja moja. Maji yalichujwa yakatolewa klorini na madini yaliyozidi, kisha yakanyunyizwa kwa pua nyembamba za bomba ili unyevu usishuke. Taa maalumu za miale ya jua ziliwekwa juu ya matanki, kwa kuwa bila miale hiyo mwili hautumii kalsiamu na mifupa hulainika. Watoto walilishwa wadudu wadogo mno wa kwenye majani yaliyooza, kwani nzi wa matunda ni mkubwa kwa mdomo wa chura wa milimita 5. Wakubwa walipewa nzi hao na vitoto vya nyenje, vikiwa vimepakwa unga wa kalsiamu na vitamini. Baada ya hapo walizaana hadi wakafika maelfu.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Tanzania na kuwekwa kwenye chumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakihudumiwa na wataalamu wa Kitanzania waliofunzwa kazi hiyo. Hawakumwagwa bondeni moja kwa moja. Walizalishwa, vikafanyika vipimo vya magonjwa, wengine wakawekwa kwanza kwenye vizimba vya wavu kulekule Kihansi kuona kama wataishi. Desemba 2012 wapatao 2,000 waliachiwa, na makundi mengine yakafuata. Mabomba ya kunyunyiza bado yanahitajika, kiasi cha maji kinaachiwa mtoni kwa makusudi, na anayeingia bondeni husafisha buti kwa dawa ili asibebe kuvu. Chura huyu hajapona. Anaishi kwa uangalizi, na uangalizi huo hauna tarehe ya kuisha.

Kwa nini hawafunguliwi tu

Dhana inayorudiwa kuliko zote ni kwamba mnyama wa zuu akifunguliwa mlango ataishi, maana pori liko damuni. Jaribio la Rubondo linaeleza vizuri ugumu wake. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka bustani na sarakasi za Ulaya waliachiwa kwenye kisiwa hicho cha Ziwa Victoria, kwa juhudi za Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya Frankfurt. Hawakuandaliwa chochote. Walijifunza wenyewe kula matunda ya msituni na kujenga viota, na uzao wao upo hadi leo, jambo la kustaajabisha kweli. Lakini hawakuwa na woga wa binadamu, na madume wawili walioshambulia watu ilibidi wapigwe risasi. Leo hakuna mtaalamu makini ambaye angewaachia sokwe kwa namna ile.

Kwa bongo na vifaru tatizo kubwa ni magonjwa. Bongo aliyezaliwa Florida hajawahi kung'atwa na kupe wa Meru. Ndama wa porini huumwa akiwa mdogo, mwili ukajenga kinga. Huyu anafika mtu mzima, kinga hana, na ndigana ikimpata humuua haraka. Kifaru mweusi aliyezaliwa Ulaya hajui mbung'o, na malale ya wanyama yanaweza kummaliza. Kwa hiyo safari yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Vifaru weusi watano waliopelekwa Akagera, Rwanda, Juni 2019 walikusanywa kwanza kwenye bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, tangu Novemba 2018, ili wazoeane na wazoee makreti. Kreti huwekwa ndani ya zizi kwa wiki nyingi, chakula hutiwa humo, mnyama huingia kwa hiari yake, mlango hufungwa dakika chache, kesho yake zaidi kidogo, hadi atulie. Akifika huwekwa kwenye boma dogo. Majani ya huku huchanganywa na chakula alichozoea, kidogo kidogo, kwa kuwa bakteria wa tumboni mwake hawayajui majani mapya na mabadiliko ya ghafla humletea kuhara hadi kufa. Kupe na mbung'o hudhibitiwa kwa dawa, naye akizoeshwa taratibu. Kisha boma kubwa zaidi. Kisha hifadhi.

Bongo wanahitaji subira zaidi. Porini Kenya wamebaki chini ya 100, kutokana na kuwindwa kwa mbwa, kukatwa misitu na magonjwa ya mifugo, na waliofugwa nje ni mara kadhaa ya hao. Hao wa nje ni uzao wa wale waliokamatwa Kenya hasa miaka ya 1960 na 1970. Bongo 18 walirudishwa Nanyuki kutoka bustani za Marekani mwaka 2004, na wa kwanza kuachiwa msituni, kwenye eneo la Mawingu lenye ulinzi, waliingia Machi 2022. Miaka 18 ilipita. Walioachiwa walikuwa uzao, si wale walioshuka kwenye ndege, na hivyo ndivyo inavyokuwa karibu kila mara.

Shamba lisipokuwepo

Oman ndiyo funzo lililo chungu kuliko yote. Choroa wa Arabuni, swala wa jangwani mwenye pembe ndefu, alimalizwa porini mwaka 1972 na wawindaji wenye magari. Bahati nzuri, miaka kumi kabla yake kundi dogo lilikuwa limeanza kukusanywa kwenye bustani ya Phoenix, Arizona, kutoka vyanzo mbalimbali. Uzao wake uliachiwa kwenye jangwa la Jiddat al-Harasis mwaka 1982, na watu wa kabila la Harasis wakaajiriwa kuwa walinzi. Kufikia 1996 choroa walikuwa takribani 450. Ndipo majangili walipoanza kuwakamata hai kuwauza kwa wafugaji binafsi. Kufikia 2007 walibaki 65. Oman ilipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta, na UNESCO ikalifuta kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, tukio la kwanza la aina hiyo. Choroa hakutoweka tena, kwa kuwa makundi mengine yalikuwa yameanzishwa Saudi Arabia na kwingineko. Bustani zilifanya kazi yao kikamilifu, na ulinzi wa ardhini ukaanguka.

Kifaru mweupe wa kaskazini anaonyesha upande mwingine, wa kuchelewa. Wanne waliletwa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, kutoka Dvůr Králové Desemba 2009, kwa matumaini kwamba hewa na nyasi za nyumbani zitawafanya wazae. Hawakuzaa. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018, wakabaki Najin na binti yake Fatu. Sasa viinitete hutengenezwa maabara kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokwisha kufa, ili vipandikizwe kwa majike wa kifaru mweupe wa kusini. Kundi la wanyama wawili halina tena njia ya asili.

Basi bustani za wanyama zinaokoa wanyama au haziokoi? Zimeokoa jamii chache ambazo bila zenyewe zisingekuwepo, na hizo chache zina thamani isiyopimika. Idadi kubwa ya wanyama ndani ya bustani za dunia si wale walio hatarini zaidi, na hawatarudi popote. Wapo kwa sababu watu hupenda kuwaona. Mchango mkubwa zaidi wa bustani nzuri mara nyingi ni fedha na utaalamu inaoupeleka nje ya uzio wake. Shirika la wanyama la Frankfurt limekuwa Serengeti tangu miaka ya 1950, na kazi yake huko ni kubwa kuliko chochote kinachoweza kufanyika ndani ya jiji la Frankfurt. Elimu nayo si kitu kidogo: watoto wengi wa Mwanza, Kisumu au Kampala hawajawahi kuingia hifadhi ya taifa, na simba wa kwanza watakayemwona ni wa Saanane au Entebbe. Ila simba anayezunguka palepale kutwa nzima hamfundishi mtoto chochote kuhusu simba.

Zuu si zote sawa. Marekani, zilizothibitishwa na chama cha taaluma ni 200 na ushei, ilhali wenye leseni ya serikali ya kuonyesha wanyama ni zaidi ya 2,000. Huku kwetu pia kuna wanaofuga wanyama wachache nyuma ya hoteli na kukuita uje upige picha. Mgeni anaweza kukagua mwenyewe. Angalia kama mnyama ana kivuli na maji safi saa saba mchana, na kama ana mahali pa kujificha asionekane. Mnyama asiye na pa kujificha haachi kuwa na wasiwasi. Angalia kama anatembea njia ileile huku na huko, anatikisa kichwa au anajing'oa manyoya au nywele, maana hizo ni dalili za mateso ya muda mrefu. Angalia miguu ya tembo: kucha zilizopasuka na nyayo zenye vidonda hutokana na kusimama kwenye saruji. Ukiona wageni wanawarushia nyani karanga na soda na hakuna mtumishi anayekemea, ujue usimamizi hakuna. Ukipewa mtoto wa simba umshike upige naye picha, ondoka: mtoto huyo alipaswa kuwa na mama yake, na baada ya miezi michache atakuwa mkubwa mno kushikwa, ataletwa mwingine. Kabla ya kuondoka, waulize wahudumu swali moja: fedha ya kiingilio hiki inalipia kazi gani porini, wapi, na kwa mnyama yupi? Bustani inayofanya kazi hiyo itakutajia mahali kwa jina.